Nimepata wanaosuka transfoma za feraiti kwa vipimo: karakana moja ya Gerezani

Mafundi tunaotengeneza inverta mikoani tunaijua kero hii. Mosfeti, yaani swichi za kielektroniki za inverta, zipo za kutosha, SG3525, IC ya kuzipa mapigo, unaipata hata kwa muuza spea wa mtaa wa pili, kapasita zipo, lakini ikiungua transfoma ya feraiti, ile ya kiini cha kauri ya sumaku, unakwama. Dukani haiuzwi, kwa kuwa kila kiwanda kinasuka ya kwake kwa ajili ya bodi yake. Unabaki kumwambia mteja anunue inverta nyingine, au utafute mtu wa kuisuka upya. Na wasukaji tulio nao wengi ni wa mota na transfoma za bati, watu hodari kwenye umeme wa hezi 50, ambao ukiwapa feraiti wanahesabu raundi, wanatafuta waya wa unene uleule, wanafunga. Inverta inawaka, mteja anashukuru, na baada ya muda mfupi inarudi ikiwa imeunguza mosfeti.

Karakana ninayoieleza hapa iko Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vichochoro vya nyuma ya maduka ya vyuma na spea. Kibao cha jina haina; ukutani pamepakwa rangi maneno KUSUKA MOTA NA TRANSFOMA, basi. Ndani kuna mzee mmoja na vijana wake wawili. Mimi nina meza yangu ya ufundi Morogoro, natengeneza inverta, chaja za betri na mashine za kuchomelea, na nimewapelekea kazi za kila aina kiasi cha kuweza kusema wanachokiweza na wanachokishindwa.

Kazi iliyonifanya niwaamini ilikuwa inverta ya volti 24, wati 1000, ya kinyozi mmoja wa Dakawa. Ilishasukwa upya na fundi mwingine kabla haijanifikia. Ilikuwa inaunguza mosfeti za upande mmoja tu, ule wa kushoto, kila mara. Nilibadilisha mosfeti, nikabadilisha dreva inayoyapeleka mapigo kwenye mosfeti, nikaangalia mapigo ya SG3525 kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la umeme): pande zote mbili sawa. Kilichobaki ni transfoma. Nikaifungua kwenye bodi nikaenda nayo Dar.

Mzee aliipokea, baada ya shikamoo na marahaba, na hakuuliza imesukwa raundi ngapi. Aliuliza, “Mwanangu, inaunguza pande zote au mmoja?” Nikamwambia mmoja. Akachomoa mita yake ya LCR (ya kupimia indaktansi, yaani uwezo wa koili kuhifadhi nguvu ya sumaku), akaiweka kwenye kilohezi 100, akaipiga shoti sekondari, koili ya kutolea umeme, kwa kipande kifupi cha waya mnene, akapima nusu ya kwanza ya praimari, koili ya kuingizia umeme: mikrohenri 0.9. Nusu ya pili: 0.4. Akanionyesha skrini bila kusema kitu.

Kwa wasiofanya kazi hii nieleze kidogo, maana hapa ndipo ubora wote wa transfoma hizi ulipo. Inverta ya aina ile ina praimari mbili zinazokutana katikati, na chanya ya betri inaingia pale katikati. Mosfeti za kushoto na za kulia zinapokezana kuvuta umeme kwenda hasi, mara 40,000 kwa sekunde kila upande. Upande mmoja ukiwa umezimwa, mosfeti yake inabeba volti mara mbili ya betri: betri ya 24 ikiwa kwenye chaji inafika 28.8, kwa hiyo mosfeti inaona karibu 58. Ndiyo maana IRF3205 ya volti 55, inayofaa sana kwenye inverta ya 12, haina kazi kwenye ya 24. Hii ya kinyozi ilikuwa na mosfeti za volti 100, na bado ziliungua.

Zilizidiwa na likeji. Usumaku wa praimari haufiki wote kwenye sekondari. Kuna unaopotelea kwenye nafasi kati ya nyaya, na nguvu iliyohifadhiwa mle haina pa kwenda mosfeti inapozima isipokuwa kurudi kwenye mosfeti yenyewe kama spaiki ya volti. Kiasi chake kinahesabika: nusu ya indaktansi mara mraba wa amperi. Inverta ya wati 1000 kwenye volti 24 inavuta amperi 50 hivi. Kwa zile mikrohenri 0.9 za likeji alizopima mzee hiyo ni zaidi kidogo ya milijuli 1 kwa kila mpigo, na mapigo ni 40,000 kwa sekunde. Wati 45 zinatupwa upande mmoja, juu ya mosfeti ambazo tayari zina joto la kazi yao ya kawaida. Hapo hata hitisinki kubwa (chuma cha kupoozea) na feni haviokoi kitu.

“Huyu kasuka nusu hii kwanza ikaisha,” mzee akasema, “halafu ya pili kaipandisha juu yake. Hizi ni pacha. Zinasukwa pamoja.” Raundi zilikuwa sahihi kabisa, 4 kwa 4, na sekondari 68. Aliyezisuka hakukosea kuhesabu. Alikosea mpangilio, na mpangilio huwezi kuuona kwa kutazama transfoma iliyokwisha kufungwa tepe. Kwa mita unauona mara moja.

Nilikaa pale kuangalia kazi yote, na sijutii muda huo. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayotofautisha karakana hii na nyingine.

Kufungua kiini peke yake ni ufundi. Feraiti ni kauri, oksidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi na zinki kisha ikachomwa. Ukiipasha upande mmoja kwa haraka inapasuka, na ukiipiga bisibisi inameguka. Kijana mmoja aliishika kwa koleo lenye kitambaa, akawa anaizungusha mbele ya bloa ya hewa ya moto kwa joto la wastani, taratibu, pande zote, mpaka gundi ikalegea yenyewe. Akazitenganisha nusu mbili za kiini kwa mikono akiwa amevaa glavu. Hakuna kuchokonoa. Nyuso zinazokutana, ambazo kiwandani husuguliwa zikawa kama kioo, akazifuta kwa pamba na spiriti. Nimeona mafundi wanapiga msasa nyuso zile “kuondoa gundi”. Ukishapiga msasa umetengeneza pengo la hewa, na indaktansi ya praimari inashuka bila wewe kujua.

Wakati kijana anafanya hayo, mzee alikuwa na daftari. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hakunakili raundi za zamani kwa imani tu, alizihakiki. Kiini kilikuwa cha umbo la EE55, eneo la mguu wa kati milimita mraba 353. Akachukua volti ya juu kabisa ya betri, 29, akagawanya kwa 4 mara masafa mara raundi mara eneo. Kwa raundi 4 na kilohezi 40 ikaja tesla 0.128 (tesla ni kipimo cha usumaku ndani ya kiini). Nikamuuliza kwa nini isiwe raundi 3, shaba ipungue na nafasi iongezeke. Akapiga hesabu tena: 0.17. Halafu akaniambia jambo ambalo wengi hawalifikirii: inverta inapowashwa, mpigo wa kwanza unaanzia sifuri badala ya kuanzia upande hasi, kwa hiyo usumaku unaweza kupanda mara mbili ya ule wa kawaida. Kwa raundi 3 hiyo ni tesla 0.34, na feraiti ya nguvu ikishapata moto wa nyuzi 100 inashiba, yaani haiwezi kubeba usumaku zaidi, karibu na 0.4. Kwa raundi 4 unabaki kwenye 0.26, una nafasi ya kupumua. Waliotoka kwenye transfoma za bati ndipo wanapokwama hapa, kwa sababu bati la silikoni linavumilia tesla 1.5 na zaidi, na mkono uliozoea bati hauoni hatari ya kupunguza raundi moja.

Sasa shaba. Aliyetangulia alitumia nyaya nne nene za milimita 1.6 kwa kila nusu. Ukijumlisha eneo lake unapata milimita mraba 8, ambazo kwa amperi zile zinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba umeme wa masafa ya juu haupiti katikati ya waya; unakimbilia juu juu. Kwa kilohezi 40 kina kinachotumika kwenye shaba ni milimita 0.33 tu. Waya wa milimita 1.6 katikati yake hapafanyi kazi, na ukiupanga tabaka juu ya tabaka hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu usumaku wa tabaka moja unasukuma umeme wa tabaka jingine pembeni. Mzee aliweka utepe wa shaba wa unene wa milimita 0.25, upana milimita 30. Vipande viwili, vimetenganishwa kwa tepe, vikasukwa pamoja kwa mkupuo mmoja, raundi 4. Zile nusu mbili za praimari zikalala moja juu ya nyingine mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kuusuka utepe, kijana alipitisha kidole na msasa laini kwenye kingo zote, maana shaba iliyokatwa kwa mkasi inabaki na vijimeno vinavyotoboa tepe. Alipopata kijimeno alisimama, akakisugua, akapitisha kidole tena.

Sekondari haikuwekwa yote mahali pamoja. Raundi 34 zilisukwa chini, zikaja praimari, kisha raundi 34 za juu, halafu mbili hizo zikaungwa mfululizo. Praimari ikiwa imebanwa katikati namna hiyo, likeji inashuka sana ukilinganisha na kuweka sekondari upande mmoja, hadi kukaribia robo yake. Waya wa sekondari ulikuwa nyuzi tano za milimita 0.4 zilizosokotwa pamoja. Kati ya praimari na sekondari walizungusha tepe ya poliesta ya manjano mara tatu, na kila pembeni ya bobini (fremu ya plastiki inayosukiwa waya) wakaacha milimita 3 tupu zilizojazwa tepe, ili waya wa sekondari usiteremke ukagusana na shaba ya praimari kwenye kona. Kona ndizo zinazoua transfoma nyingi za kusukwa mtaani.

Nyuzi tano zile zinapofika kwenye pini kuna hatari nyingine: kila uzi una vanishi yake, na uzi ambao vanishi haijatoka haubebi umeme hata ukionekana umelehemika. Wana kikopo kidogo cha risasi iliyoyeyuka. Kijana anachovya ncha, anaitoa, anazitandaza nyuzi kwa kibano na kuzitazama moja moja chini ya lenzi. Uzi mmoja ulibaki mwekundu. Akauchovya tena mpaka ukang’aa kama wenzake. Mimi ningeupita.

Kufunga kiini: gundi inapakwa nje, kwenye maungio ya miguu ya pembeni, haingii katikati ya nyuso. Kabla ya gundi anapima indaktansi ya praimari akiwa amezibana nusu mbili kwa vidole. Baada ya gundi kukauka anapima tena. Kabla ilisoma mikrohenri 88, baada 91. Ingeshuka, ina maana kuna vumbi au gundi imeingia, na anafungua. Mwisho likeji: 0.12 upande mmoja, 0.13 upande wa pili. Ukirudia hesabu ile ya mwanzo, wati 45 zimekuwa kama 6.

Nilipoirudisha kwenye bodi Morogoro, betri ikiwa volti 27, niliweka proba ya osiloskopu kwenye dreni, mguu wa mosfeti unaoungwa na transfoma, na kupakia taa za wati 800. Kilele cha spaiki kilikuwa volti 67, pande zote mbili zikifanana. Nikaiacha ifanye kazi saa nzima. Transfoma ilikuwa na joto la kuweza kuigusa kwa sekunde chache, hitisinki za kushoto na kulia joto moja. Inverta iko Dakawa inanyoa watu.

Bei ilikuwa shilingi 60,000 pamoja na utepe wa shaba. Wapo watakaoona ni kubwa, kwa kuwa aliyetangulia alitoza nusu yake. Mimi naona ni halali. Mosfeti nilizounguza kwa ajili ya kazi ya bei rahisi, pamoja na dreva na nauli za mteja wa watu, zilikwisha kuipita tofauti hiyo.

Kuna jambo la huduma nalitaja kwa makusudi. Ukilipa, unapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: aina ya kiini, raundi, mpangilio wa tabaka kuanzia chini, indaktansi ya praimari, likeji ya kila nusu. Nusu ukurasa wa daftari, lakini mimi nazibandika ndani ya kila inverta ninayotengeneza. Fundi atakayeifungua baadaye, awe mimi au mwingine, hataanza kuhesabu raundi za transfoma iliyoungua. Sijaona karakana nyingine inayofanya hivi, na ningependa sana wengine waige. Na jingine: mimi ni mwanamke, nimezoea kuulizwa kwenye maduka ya spea kama nimetumwa na fundi. Pale sijawahi kuulizwa. Mzee alinijibu hesabu kwa hesabu tangu mara ya kwanza.

Viini wanavyo vya aina nyingi, vingi vikiwa vya kutolewa kwenye UPS na pawa saplai za kompyuta zilizokufa, vichache vipya vya Kichina vilivyoandikwa PC40. Jina hilo ni la TDK, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1935 kutengeneza feraiti ambayo Kato na Takei waliivumbua Tokyo mwaka 1930. Siku hizi viwanda vingi vya China hulitumia kama jina la daraja. Mzee havitegemei maandishi. Anasuka raundi kumi za majaribio kwenye kiini, anapima, analinganisha na jedwali aliloandika mwenyewe nyuma ya daftari kwa kila umbo: EE42, EE55, ETD39, ETD49. Kiini kikisoma chini sana ya wenzake wa umbo lile, anajua kina ufa au ni daraja jingine, anakiweka kando.

Nilimkuta siku moja akimkatalia kijana wa redio za magari. Yule kijana alileta duara la manjano lenye upande mmoja mweupe, la kutoka kwenye pawa saplai ya kompyuta, akitaka lisukwe transfoma ya amplifaya ya kubadilisha volti 12 kuwa chanya na hasi 35. Mzee akamwambia kwa upole kwamba lile si feraiti, ni unga wa chuma, limetengenezwa kwa ajili ya choki ya kulainisha umeme, na kama transfoma kwenye kilohezi 40 litapika vanishi yake lenyewe. Akamuuzia duara la feraiti la kijani la ukubwa uleule. Angeweza kuchukua hela ya kusuka na kunyamaza. Kwenye maduara ya feraiti wanafanya kazi nzuri sana, praimari imetandazwa duara zima badala ya kurundikwa upande mmoja, na bei zake ni za chini kwa kuwa hakuna bobini wala kufungua gundi.

Transfoma za mashine za kuchomelea wanazisuka vilevile na sina malalamiko nazo.

Kwenye flaibaki, yaani transfoma za chaja na pawa saplai ndogo, alama zangu zinapungua. Hizi zinahitaji pengo la hewa lililopimwa, kwa sababu kiini chake kinahifadhi nguvu kwanza ndipo kinaitoa. Pengo likikosewa, indaktansi inakosewa, na IC ya UC3842 inayoongoza chaja inaanza kukata kwa amperi kabla ya mzigo kamili, au kiini kinashiba. Kazi yangu moja ilisukwa na kijana wakati mzee hayupo. Kiini cha asili kilikuwa kimepasuka, wakaweka kingine kisicho na pengo katikati, na kijana akaweka karatasi kwenye miguu yote ya kiini kwa unene uleule wa pengo la zamani. Usumaku unapita mguu wa kati kisha unarudi kwa miguu ya pembeni, kwa hiyo karatasi ikiwa kila mguu pengo linakuwa mara mbili. Unene unatakiwa nusu. Indaktansi ilikuja chini mno na chaja haikufikia mzigo. Mzee aliirekebisha bure, akatumia plastiki badala ya karatasi, maana karatasi inabonyea na kunyonya unyevu wa Dar. Sikuwa na kinyongo, ila tangu hapo flaibaki namkabidhi yeye mkononi. Na kwa kusema kweli, flaibaki ndogo za kwenye televisheni na ving’amuzi msizipeleke kabisa. Bodi nzima ya mtumba ni rahisi kuliko kusuka.

Kasoro kubwa ya karakana hii kwangu ni upimaji wa insulesheni. Wana mega (mita ya kupimia insulesheni) ya volti 1000, wanapima praimari na sekondari na sekondari na kiini, na hiyo ni zaidi ya wengi. Lakini chaja ya betri inayochomekwa kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230, na upande wake wa pili unashikwa na mikono ya watu, inatakiwa ipimwe kwa volti 3000 za AC kati ya pande mbili. Kifaa hicho hawana. Waya wa insulesheni tabaka tatu hawauzi pia. Ukitaka uje nao, na wanajua kuusuka. Kwa hiyo transfoma za chaja na za pawa saplai ninawapa kwa masharti: waya wa tabaka tatu natoa mimi, na kipimo cha volti kubwa nakwenda kukifanya kwingine kabla ya kumrudishia mteja. Mzee analijua hili na hakubishana nami. Nawasihi mafundi wenzangu msiruke hatua hiyo hata kama mteja anawaharakisha, kwa sababu transfoma yenye insulesheni mbovu itafanya kazi vizuri kabisa hadi siku inapompiga mtu.

Waya wa nyuzi nyingi nyembamba wa kiwandani hawana. Wanatengeneza wao kwa kusokota nyuzi kwenye drili, na kwa kilohezi 40 au 50 unatosha. Niliwahi kumuuliza kuhusu inverta mpya za sola zenye saketi ya LLC, zinazokimbia kilohezi 100 na kuendelea, ambapo likeji yenyewe ni sehemu ya saketi na lazima ifikie kipimo fulani, isizidi wala kupungua. Akasema, “Hiyo sisuki, mwanangu. Nitakuharibia.” Anayetafuta kazi hiyo asipoteze nauli.

Muda pia ni tatizo. Akisema Jumatano, panga Ijumaa. Foleni inaongezeka kwa sababu mota za pampu na mashine za kusaga zinaletwa palepale, na mwenye mashine ya kusaga unga haondoki mlangoni mpaka imeisha. Nafasi ni finyu, kelele za vyuma ni nyingi, na hakuna pa kukaa. Vanishi wanachovya tu, hawana tanki la kuvuta hewa, kwa hiyo transfoma nyingine huimba kidogo kwenye mzigo mwepesi. Haina madhara ila wateja huuliza.

Kwa walioko mikoani: wanapokea mizigo ya basi, na ukituma picha ya bodi pamoja na namba za mosfeti wanakupigia kabla ya kuanza. Transfoma uifunge vizuri. Feraiti haivumilii kuangushwa kwenye buti la basi, na moja ya kwangu ilifika Mbezi ikiwa vipande; izungushie sponji, iweke katikati ya boksi, usiichanganye na vyuma. Andika kwenye karatasi volti ya betri, wati, masafa kama umeyapima, na upande upi unaoungua. Ukiweza, usiifungue mwenyewe. Mzee anapenda kuipima kabla haijaguswa, kwani vipimo vya transfoma mbovu ndivyo vinavyomwambia kilichokosewa. Malipo ni taslimu au kwa simu, nusu kwanza. Jumamosi wanafunga adhuhuri, Jumapili hawapo.